Mchezo Uliolala Nyuma ya Draya

Mke wa kijana wangu anasema nimerudi utotoni. Kila asubuhi nikimaliza chai nachukua fimbo, natoka hapa kwetu Rhonda polepole mpaka kwa kinyozi wa pale kona, na hapo wazee wanne tunakalia mikebe ya rangi tukicheza drafti kwa vifuniko vya soda mpaka jua lituhamishe. "Baba," ananiambia, "watu wakikuona hapo kila siku watasema sisi hatukutunzi." Ala! Mtu akitunzwa si ndiyo anapata nafasi ya kucheza? Nyinyi vijana nyote mko hivyo. Mnatuletea uji, mnatuletea blanketi, mnatuletea dawa ya presha, halafu mnatuacha na ukuta. Mzee akishiba na akifunikwa vizuri, mnadhani kazi imeisha.

Mimi sikatai blanketi. Lakini nimeona kwa macho yangu mzee akianza kufa huku maziwa yako mbele yake, na nimeona kilichomrudisha. Sehemu ya hayo naielewa. Sehemu nyingine siielewi hata leo, na sitawadanganya. Nitawaambia vile ilivyokuwa, na mtu asinikatize.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mkausha pareto huko Mau Narok, kwa mzungu tuliyemwita Bwana Koti kwa sababu hakuvua koti lake hata jua liwake namna gani. Pareto ni ua dogo jeupe lenye kitovu cha manjano, unaweza kulipita bila kugeuka. Kumbe ndani ya kile kitovu kuna sumu ya wadudu. Wanawake walichuma kwa vikapu na kuleta kwenye draya, ambayo ilikuwa nyumba ndefu ya mabati, chini tanuri la kuni, juu trei za waya zimepangwa kama vitanda vya bweni. Ukizidisha moto, ua linageuka kahawia na nguvu yake inatoroka. Ukipunguza, linashika ukungu na gunia zima linatupwa. Siku hizi kuna vipimo vya joto. Sisi tulikuwa na vidole. Unachukua ua, unasugua kitovu. Kikivunjika kama mkate mkavu, toa trei. Kikijikunja tu, rudisha na unyamaze.

Kuna jambo hakuna aliyeniambia kabla sijaanza. Ndani ya draya hamna sauti. Nzi hakuna, mende hakuna, nyenje hakuna, hata buibui ameacha utando wake akafa kando. Hamjui wadudu wanapiga kelele kiasi gani mpaka siku mtakapoingia mahali ambapo wote wamekufa. Nje nyasi zinalia. Ukivuka kizingiti, kimya, kana kwamba mtu amekuziba masikio kwa nyuma. Asubuhi nilifagia nzi wakavu kwa ufagio, nikawajaza karai. Na lile vumbi la maua linakuingia mwilini. Mdomo unakufa ganzi, kisha vidole. Jioni unajigusa shavu unahisi ni shavu la mtu mwingine. Miezi ya kwanza nilikuwa nikitoka nje kila baada ya muda, si kwa joto, bali kusikia tu kitu chochote kikilia.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Ndirangu. Yeye alikausha pareto tangu ilipokuwa inaanikwa juani kwenye magunia, kabla ya draya. Moshi na vumbi vilikuwa vimemla macho, akabaki kuona vivuli tu, ndiyo maana nikaletwa mimi. Wiki yangu ya kwanza nilijaza tanuri kuni za mtarakwa tupu. Mtarakwa unawaka kwa hasira, na mimi joto lilinibembeleza, nikalala juu ya magunia. Ndirangu aliingia, hakugusa trei hata moja. Alivuta pumzi mara moja tu.

"Musa, umepika. Sasa kula."

Akaokota ua la kahawia akanitia mdomoni, akasimama pale mpaka nikatafuna. Siku mbili sikuonja ladha ya ugali. Tangu hapo nilichanganya mtarakwa na gogo bichi kidogo, na sikulala kazini tena.

Rafiki yake alikuwa Arap Mibei, Mkipsigis, aliyekuwa mchungaji wa ng'ombe wa Bwana Koti mpaka fahali mmoja akamvunja nyonga. Ndirangu haoni, Mibei hatembei vizuri. Wakiwa pamoja walikuwa mtu mmoja mzima, na ubishi wa watu watatu. Kila siku ukungu ukianza kupanda, kama saa tatu hivi, walikutana nyuma ya draya, wakaegemeza migongo kwenye mabati yenye joto, wakacheza bao. Mkikuyu ana sheria zake za bao na Mkipsigis ana zake, na hawa wawili walikuwa wamezichanganya kwa miaka mingi hadi zikawa zao peke yao. Hata kiswahili chao kilikuwa chao peke yao.

Bao lenyewe lilikuwa jiwe. Nyuma ya draya kulikuwa na jiwe bapa limetoka ardhini, na juu yake mashimo, safu mbili, sita na sita, na shimo kubwa moja kila mwisho. Hakuna mtu wa shamba aliyelichonga. Mashimo yalikuwa laini ndani kama bakuli. Nilimuuliza Mibei ni kazi ya nani.

"Hii ni ya wale watu walikuwa hapa mbele yetu sisi wote," alisema. "Walienda. Ng'ombe yao walienda nayo. Mchezo wakaacha."

"Walienda wapi?"

"Kama ningejua ningekuwa nimewarudishia jiwe yao."

Walikuwa na desturi yao moja. Mchezo usipoisha, hawakukusanya kete. Waliziacha kila moja katika shimo lake, wakafunika jiwe kwa gunia, wakasema mchezo umelala. Mimi siku moja nilitaka kuinua lile gunia niwapangie upya, nikidhani nawasaidia. Ndirangu alinipiga mkono. Kipofu, lakini hakukosa.

"Usiguse kete ya mtu hayuko," aliniambia. "Mchezo ikilala, mkono ya mwenyewe inabaki hapo. Ukigusa, unamwita. Kama ni mzima, hatapata usingizi. Kama amekufa..."

"Kama amekufa atakuja na hasira," Mibei akamalizia, wakacheka wote wawili mpaka Ndirangu akakohoa. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa kijana, nilicheka mambo mengi.

Halafu ikaja Emajensi, ile hali ya hatari waliyoitangaza wakoloni. Asubuhi moja yenye ukungu mzito malori yalisimama pale pa kupimia maua, na Wakikuyu wote wa shamba wakaambiwa wakusanye vitu vyao, wanarudishwa rizavu, kwenye maeneo waliyotengewa na serikali. Askari alizunguka nyuma ya draya akawakuta wazee wawili kwenye jiwe.

"Mzee, simama. Twende."

"Ni zamu yangu," Ndirangu akasema. "Ngoja nicheze hii tu."

"Simama!"

Hakucheza. Alinyoosha mkono akapapasa mashimo yote, moja baada ya jingine, polepole, ya kwake na ya mwenzake. Kisha akasema, "Imelala," na Mibei akavuta gunia. Hawakuagana zaidi ya hapo. Lori liliingia kwenye ukungu, tukaendelea kulisikia muda mrefu baada ya kutoliona. Bwana Koti alisimama akitazama viatu vyake. Na mimi? Mimi nilisimama kwenye mlango wa draya na trei mkononi. Mtu aliyenifundisha kazi alipandishwa lori kama mbuzi na sikufungua mdomo, kwa sababu mimi si Mkikuyu na kazi yangu ilikuwa salama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na kweli siku hiyo sikuhisi uzito. Uzito ulikuja baadaye.

Mibei hakuacha kuja. Saa tatu alifika akichechemea, akainua gunia, akatazama, akarudisha, akakaa. Hakuzungumza. Nilimwambia, "Mzee, tucheze mimi na wewe."

"Hapo iko na mwenyewe," alisema, akanionyesha upande wa pili kwa kidevu.

Baada ya miezi miwili nguo zilikuwa zinampwaya. Binti yake Chebet alimletea kibuyu cha mursik kila siku, yale maziwa ya kugandishwa ambayo Mkipsigis hayakatai hata akiwa mahututi, na kila jioni kibuyu kilirudi kimejaa. Alimpeleka zahanati, wakampima kila mahali, wakasema haumwi. Siku moja Chebet alinisimamisha njiani.

"Musa, baba anakufa."

"Si wamesema haumwi?"

"Haumwi. Anakufa tu. Usiku analala akiangalia ukuta, asubuhi anaamka akiangalia ukuta. Akienda watu watasema ni uzee. Wewe uko naye mchana wote. Fanya kitu, tafadhali. Mimi sina baba mwingine."

Nilifikiri juu ya maneno hayo siku nne. Siku ya tano niliwahi kazini alfajiri, nikatia kuni, kisha nikazunguka nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini mwangu, sikuiona hata miguu yangu vizuri. Niliinua gunia. Nilikuwa nimefunga maua makavu magunini siku iliyotangulia na vidole bado vilikuwa vimekufa ganzi. Niliuona mkono wangu ukienda upande wa Ndirangu, ukichota kete kwenye shimo la tatu, ukizigawa moja moja, lakini sikuhisi kitu. Wala jiwe, wala kete, wala baridi. Ilikuwa kama kumtazama mtu mwingine akifanya. Nikafunika, nikarudi ndani kwenye kile kimya, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nikafunga mlango kwa komeo.

Saa tatu Mibei akafika. Nilichungulia kwenye tundu la msumari. Aliinua gunia, akatazama, hakulirudisha. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka nikafikiri nimemuua. Halafu akacheka.

"Eeeh! Ndirangu! Umefika!"

Akacheza. Siku hiyo kibuyu kilirudi kitupu, na Chebet alipita kwa draya, akanishika bega.

Basi ikawa kazi yangu ya pili. Alfajiri mimi, saa tatu yeye, mwendo mmoja kwa siku. Nyumbani nilichimba mashimo kwenye sakafu ya udongo nikapanga maharagwe, nijue kete zimekaaje, nisimwaibishe Ndirangu. Nilimwaibisha tu, kwa maana bao sikulijua. Lakini Mibei alinenepa. Alianza kuzungumza na upande wa pili, kumtania, kumwuliza habari za rizavu, kunyamaza kidogo kama anayesikiliza jibu, kisha kutikisa kichwa. Wachumaji walianza kuogopa. Walikuwa wakileta vikapu kwa mlango wa nyuma. Sasa wakazunguka mpaka mlango wa mbele, hata wenye mimba. Nyapara aliwauliza kisa nini. Mama mmoja akamwambia, "Draya iko na mtu." Nyapara alicheka, lakini sikumwona tena nyuma kule.

Mimi mwenyewe nilianza kuogopa, na ndimi niliyekuwa mwongo. Nikiwa ndani peke yangu nilihisi joto la ukuta wa nyuma si la tanuri, ni la mgongo wa mtu aliyeegemea upande ule. Najua ni mabati. Nawaambia nilichohisi.

Ikaja Jumatatu moja nikacheza alfajiri kama kawaida, kisha nikaambiwa nipande lori nisindikize magunia mpaka kiwandani Nakuru. Mvua ilikuwa imenyesha. Tuliteremka vizuri, lakini wakati wa kupanda kurudi lori lilikwama kwenye tope, likazama mpaka ekseli. Jumanne yote tunasukuma. Jumatano tukakokotwa na trekta. Mimi akili yangu haikuwa kwenye tope. Nilikuwa namwona Mibei anainua gunia, Jumanne, hakuna kitu. Jumatano, hakuna kitu. Nilijilaumu vibaya sana. Nilikuwa nimemrudishia rafiki yake kwa uongo, na sasa nimemnyang'anya mara ya pili.

Jumatano jioni, jua likiwa bado juu ya milima, nilishuka lori nikakimbia hadi nyuma ya draya. Mibei alikuwa amekaa anakula viazi vya kuchoma, na midomo inang'aa.

"Ndirangu amechangamka siku hizi," aliniambia. "Amenifunga hapa, angalia. Nimekaa nafikiria tangu saa tatu."

Nikaangalia. Nilikijua kila shimo kwa moyo. Upande wa Ndirangu ulikuwa umechezwa mara mbili, na umechezwa kwa akili ambayo mimi sikuwa nayo. Nilimkimbilia Chebet, nikamwuliza nani aliingia kule. Hakuna. Mvua imenyesha, uchumaji umesimama, draya imelala baridi siku zote hizo na wanawake hawasogei hata kumfuata kuku aliyepotea. Niliporudi, Mibei alikuwa amecheza zamu yake na kufunika jiwe. Nikajiambia ni mzee mwenyewe anacheza pande mbili. Na nyinyi mnasema hivyo hivyo sasa, nawaona. Ngojeni.

Alhamisi nilifika alfajiri kuliko siku zote. Gunia lilikuwa limefunikwa na umande mweupe, kila tone mahali pake, hakuna alama ya kidole wala mkunjo. Mtu angeligusa, ule umande ungevunjika. Nilisimama kando yake nikiwa na furaha, nikasema moyoni, leo basi nitacheza mimi, na mambo haya yaishe. Nikainua.

Kete zilikuwa zimechezwa.

Nilikaa chini kwenye nyasi zilizolowa, gunia mkononi, na nyenje wote wa Mau Narok walikuwa wamenyamaza kana kwamba draya imetoka ikaja nje. Sijui nilikaa muda gani. Nilichosikia ni sauti nyuma yangu.

"Musa. Rudisha gunia. Baridi itaingia."

Alikuwa Mibei, amekuja mapema. Nilianza kulia, mimi mtu mzima mwenye mke. Nikamwambia yote: kwamba nilikuwa mimi, kwamba nilimdanganya, anisamehe.

"Nilijua ni wewe siku ile ya kwanza," alisema. "Ndirangu hawezi kucheza mbaya hivyo hata akilewa."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Alijishusha chini kwa shida, akaweka ule mguu mbovu sawa. "Ningesema, ungeacha. Wewe kijana. Iko na kazi, iko na bibi. Na kila asubuhi nilijua kuna mtu ameamka kwa baridi, kabla ya kazi yake, ameniwaza mimi. Hiyo ilitosha nikunywe maziwa." Kisha akanikazia macho, na hapo nikaona hasira yake. "Lakini mbona unakuja kama fisi, mimi nikiwa sipo? Nani alikuambia mzee anataka kete? Mimi nilitaka mtu akae hapo mbele yangu anitukane. Chebet ananiletea maziwa anaenda. Wewe unaniletea mchezo unaenda. Wote mnaenda!"

Nikajifuta machozi kwa mkono wa shati.

"Na hizi tatu?" nikauliza. "Jumanne, jana, na leo?"

"Hizi tatu si yako."

"Ni zako, mzee?"

"Mimi niibe zamu ya Ndirangu? Mimi?" Alinyanyua fimbo na nilidhani atanichapa. Halafu akaishusha. "Umemgusa kete yake, umemwita. Amekuja."

"Ni mzima au..."

"Hiyo sijui. Na sasa zamu ni yangu. Nikicheza, atajibu. Kama ni mzima, namnyima usingizi. Kama amekufa, namnyima kulala kabisa. Sichezi mpaka nijue." Akafunika jiwe kwa mikono yake miwili, akalipigapiga gunia kama anayemlaza mtoto. "Chimba ingine hapa kando. Hapa chini, kwa udongo. Na ukae."

Nikachimba. Tukacheza mimi na yeye kila siku nilipopata nafasi, uso kwa uso, na alinishinda kila siku, na alinitukana kwa Kiswahili na Kikipsigis mpaka nikajua matusi ya lugha mbili. Chebet naye alianza kukaa. Alikuja na kibuyu, akakaa akasuka vikapu vyake, akamcheka baba yake akiiba. Wachumaji walirudi mlango wa nyuma. Lakini lile jiwe hakuna aliyeligusa. Gunia likioza, Mibei alitandika jipya juu ya lile la zamani, akiwa amefumba macho ili asione kete. Nilimuuliza kama hachoki kungoja. Alisema mtu aliye katikati ya mchezo hawezi kufa, ni tabia mbaya.

Miaka ilipita hivyo. Mwishoni mwa ile miaka ya hamsini watu walianza kurudi kutoka rizavu, mmoja mmoja, na karatasi za ruhusa mfukoni. Kila aliyefika Mibei alimwuliza habari za Ndirangu, na hakuna aliyejua. Mmoja alisema alisikia amezikwa. Mibei alimwambia, "Ulisikia au uliona?"

Siku yenyewe ilikuwa mchana, saa sita, lakini ukungu ulikuwa umekataa kupanda. Nilikuwa ndani ya draya nageuza trei. Katika kile kimya nikasikia kitu kinakwaruza mabati kwa nje. Krrr. Kinasimama. Krrr. Kiganja cha mtu kinafuata ukuta, polepole, kutoka upande wa barabara kuelekea nyuma. Niliiacha trei ikae ilivyokaa, nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Mzee mmoja alisimama ng'ambo ya jiwe, mrefu, mwembamba kama ufito, koti limejaa ukungu. Macho yake sasa yalikuwa meupe kabisa. Nilitazama miguu yake kwanza, sioni haya kuwaambia. Ilikuwa na matope. Mibei alikuwa amekaa mahali pake, mdomo wazi, na wala hakumsalimia. Wala yule hakusalimia.

"Mibei," akasema. "Nani alikuwa ananishika mkono?"

Akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yetu.

"Kule kwetu, walitufungia katika kijiji, nyumba na nyumba. Kulikuwa na majira moja, kila alfajiri mtu ananishika huu mkono wangu. Anaupeleka. Anachota kete ambayo mimi siwezi kuchota, anapeleka mahali ambapo mtoto hawezi kupeleka. Mimi napiga kelele, 'Si hiyo! Si hiyo, mjinga wewe!' Kijiji chote walisema Ndirangu amerukwa na akili." Akakunja vidole vya ule mkono. "Halafu mara tatu akaniachilia. Mara tatu nikacheza mwenyewe. Kisha kimya. Nimengoja ujibu, Mibei. Miaka yote hiyo nimengoja ujibu, nikasema basi, amekufa."

"Na mimi nikasema wewe," Mibei akanong'ona.

Ndirangu hakuinama, hakugusa gunia. Akanyoosha kidole hewani, akaanza kuhesabu upande wake kutoka ukutani. "Tatu. Hakuna kitu. Moja. Saba. Hakuna. Mbili." Kisha upande wa mwenzake, shimo kwa shimo. Mibei alinitazama. Nikapiga magoti, nikafunua magunia, la juu, la katikati, la chini lililooza, na nikahesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuyaamini macho yangu. Ilikuwa vile vile.

Mibei alikuwa analia bila kujificha, machozi yanamwingia mdomoni. "Zamu ni yangu," alisema. "Miaka yote ni zamu yangu. Kaa chini, wewe mzee mbaya. Kaa, nikuonyeshe."

Wakacheza. Trei yangu ndani iliungua na sikujali, harufu ikatoka mpaka nje na Ndirangu akakunja pua tu. Walicheza mpaka chai ya saa kumi, na Ndirangu akashindwa. Zile kete nilizozipeleka vibaya mwanzoni zilimponza, hata mimi niliona. Ndirangu akageuza macho yake meupe moja kwa moja mpaka nilipokuwa.

"Musa," akasema. "Lete huo mkono."

Nikaupeleka. Akaushika kwa mikono miwili, akaupapasa kidole kwa kidole, kiganja, kifundo, akarudia tena.

"Ndio huu," akamwambia Mibei, na akanivuta chini niketi kati yao.